Mtumwa, Mtume na Mtumishi: Adrian Atiman wa Karema na Fundisho la Wanyonge katika Maandiko

Utangulizi

Kauli kwamba Mungu hutenda kazi yake kupitia watu wanyonge ni miongoni mwa kauli zinazosikika mara nyingi katika mahubiri ya Kiswahili. Aghalabu hutamkwa kwa ufupi: Mungu huwatumia wanyonge. Kwa kuwa imezoeleka, kauli hiyo hupita masikioni bila kuulizwa maswali. Mhadhara huu unakusudia kuiuliza maswali mawili. La kwanza ni la lugha: kitenzi kutumia kinabeba nini ndani yake, na je, ndicho kitenzi ambacho Maandiko yenyewe yanakipa nafasi ya kwanza? La pili ni la historia: kauli hiyo ina maana gani inapowekwa mbele ya mtu aliyewahi kununuliwa na kuuzwa kwa kweli, wala si kwa tamathali ya usemi?

Mfano wa mtu wa namna hiyo hauhitaji kutafutwa mbali. Kashaulili ni kata ya mji wa Mpanda, mji uliokua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati reli ya tawi kutoka Kaliua ilipoletwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Machimbo na reli viliwaleta pamoja watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Magharibi ya mji huo, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, iko Karema, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi pamoja na Mpanda. Kituo cha Karema kilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kisha mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, daktari na katekista, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Kabla ya kuwa daktari alikuwa mtumwa.

Maneno ya mzizi mmoja

Kiswahili kina familia ya maneno ambayo msomaji wa Biblia hukutana nayo karibu kila ukurasa. Mzizi wake ni -tum-, wenye maana ya kupeleka mtu au kitu kwa kazi fulani. Kutokana na mzizi huo yamezaliwa mtumwa, mtume, mtumishi, na kitenzi chenyewe cha kutumia.

Mtumwa limejengwa kwa kauli ya kutendwa. Ni yule anayetumwa, na kiambishi -w- kinaonyesha kwamba tendo linamfikia badala ya kutoka kwake. Neno halisemi ni nani anayemtuma. Linasema tu kwamba si yeye mwenyewe. Ujenzi kama huo unaonekana katika mpendwa na mfiwa. Mtume nalo ni la mtu aliyetumwa, ila limeundwa kwa kiishio -e, ambacho katika Kiswahili hutaja mtu au kitu kilichopokea tendo: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Kwa hiyo, kwa upande wa mofolojia peke yake, mtumwa na mtume ni majirani wa karibu mno. Wote wawili ni watu waliotumwa. Hata hivyo, katika matumizi ya jamii wametengana kama ardhi na mbingu. Mtume ni cheo cha heshima kubwa kuliko vyote, kwa Waislamu na kwa Wakristo pia, na neno hilo lilikuwa limekwisha kukomaa katika tenzi za pwani kabla wamisionari wa karne ya 19 hawajafika. Mtumwa, katika jamii ile ile ya pwani, alikuwa kinyume cha mwungwana.

Mtumishi limepita njia nyingine. Limetokana na kutumika, na sauti k ya shina imegeuka sh mbele ya kiishio -i, kama ilivyo katika mwandishi kutokana na kuandika, au mpishi kutokana na kupika. Kiishio hicho -i ni cha mtenda. Mtumishi, basi, ni mtu ambaye utumishi ni tendo lake.

Linabaki neno kutumia. Hiki ni kitenzi cha kauli ya kutendea, na maana yake ya leo ni kufanya kitu kuwa nyenzo. Jembe hutumiwa, fedha hutumiwa. Kinapoelekezwa kwa mtu, kitenzi hicho huleta mashaka. Anayelalamika kwamba rafiki yake amemtumia hasemi kwamba ameheshimiwa. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba Paulo, anapowaandikia Wakorintho katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza juu ya wadhaifu na wanaodharauliwa, hasemi kwamba Mungu amewatumia. Tafsiri za Kiswahili zimeandika kwamba amewachagua, nazo zimeifuata Kiyunani kwa uaminifu. Kuchagua na kutumia si kitu kimoja. Jembe halichaguliwi kwa maana ile anayochaguliwa rafiki au mchumba. Kuchagua kunamtazama anayechaguliwa. Kutumia kunaitazama kazi.

Wanyonge wa Maandiko

Tofauti hiyo ya vitenzi inathibitishwa na masimulizi yenyewe. Orodha ya wanyonge wa Biblia inafahamika: Gideoni wa ukoo mdogo, Daudi aliyesahauliwa malishoni wakati ndugu zake wanapangwa mbele ya Samweli, Amosi mchunga mifugo, kijana mwenye mikate mitano ya shayiri. Lakini kwa mada hii wawili wanastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu wote wawili walitekwa au kuuzwa.

Wa kwanza ni msichana wa nyumba ya Naamani, katika sura ya tano ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alitekwa na vikosi vya Shamu katika nchi ya Israeli, akawa mhudumu wa mke wa jemadari. Jina lake halikuandikwa. Jemadari ana ukoma, na hakuna mkubwa hata mmoja nyumbani mwake anayejua la kufanya. Msichana anajua. Anasema jambo moja tu, kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya bwana wake, na maneno yake yanafika hadi kwa wafalme wawili. Katika masimulizi haya unyonge wa msichana haumaanishi kwamba ni chombo kitupu kilichongoja kujazwa. Ana maarifa ambayo mabwana zake hawana, na ana hiari ya kuyatoa au kuyaficha.

Wa pili ni Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake na kupelekwa Misri. Mwishoni mwa Kitabu cha Mwanzo, ndugu hao wanaposimama mbele yake kwa hofu, Yusufu ndiye anayetamka kwamba walikusudia mabaya na Mungu akakusudia mema. Mambo mawili hapa hupuuzwa mara nyingi. Kwanza, Yusufu hasemi kwamba kuuzwa kwake kulikuwa kwema. Uovu umetajwa kwa jina lake. Pili, anayesema ni yeye aliyeuzwa. Maneno yale yale yangetoka vinywani mwa ndugu zake, yangekuwa udhuru wa wakosaji. Ukweli wa kauli hiyo unategemea kinywa kinachoitoa.

Kanuni inayopatikana hapa ndiyo itakayoongoza sehemu zinazofuata. Fundisho la wanyonge ni ushuhuda linapotolewa na mnyonge mwenyewe. Linapotolewa na mwenye nguvu juu ya mnyonge, laweza kuwa kifuniko cha dhuluma.

Kutoka Niger hadi Karema

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo sasa ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi upande wa Algeria. Huko, katika miaka ya 1870, Mapadri Weupe walimkomboa kwa kulipa fedha. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alikuwa Kardinali na ambaye mwaka 1888 alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa.

Lavigerie alikuwa na mpango maalumu. Aliamini kwamba bara la Afrika lingehubiriwa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe, na kwamba udaktari ungefungua milango ambayo mahubiri peke yake yasingeifungua. Kwa hiyo baadhi ya vijana waliokombolewa walipelekwa Malta kusoma utabibu katika chuo kikuu cha kisiwa hicho, ili warudi Afrika wakiwa madaktari na makatekista, si mapadri. Walitakiwa waoe na kuishi miongoni mwa watu. Atiman alikuwa mmoja wao. Alimaliza masomo mwaka 1888, akaanza safari ya Afrika Mashariki, na mwaka 1889 akawa Karema.

Ziwa Tanganyika la miaka hiyo halikuwa mahali pa amani. Njia za misafara ya pembe na watumwa zilipita pande zote mbili za ziwa, na Karema yenyewe ilikuwa na watoto wengi waliokombolewa kutoka katika misafara hiyo. Hivyo kijana aliyevushwa Sahara akiwa mtumwa alijikuta akiwatibu watoto waliotoka katika hali aliyoijua kwa mwili wake. Alimwoa Agnes Wansahira, wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mwana wao Joseph alikuwa padri. Atiman alitibu vidonda na maradhi, alifanya upasuaji, alifundisha dini. Alifanya hayo chini ya utawala wa Wajerumani, akapita katika Vita Kuu ya Kwanza, akaendelea chini ya Waingereza. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya yeye kufika. Alipofariki alikuwa ametumikia Karema kwa muda wa miaka 67. Nyumba ya Mapadri Weupe jijini Dar es Salaam imepewa jina lake.

Hapa msimulizi mwepesi angeweza kufunga kitabu: mtumwa amekuwa mtume, na Mungu amemtumia mnyonge. Lakini historia haina budi kuuliza zaidi.

Nani alimtuma?

Ukombozi wa watumwa kwa fedha ulikuwa na utata tangu mwanzo. Wapo walioona kwamba kumlipa mfanyabiashara ili aachilie mtoto mmoja ni kumpa mtaji wa kumteka mwingine. Isitoshe, aliyekombolewa hakuwa huru kama anavyoeleweka mtu huru leo. Katika vijiji vya Kikristo vya karne ya 19, kuanzia Bagamoyo hadi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, waliokombolewa waliishi chini ya mamlaka ya misheni, wakifanya kazi za misheni na kufuata saa na kanuni zake. Mtoto aliyeokolewa hakuulizwa anataka kuwa nani. Mpango wa Malta ulibuniwa na Lavigerie, na vijana walipelekwa. Kisarufi, bado walikuwa katika kauli ya kutendwa.

Mfano wa Zanzibar unaonyesha jambo hilo hilo. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA wavulana watano waliotekwa kutoka katika jahazi la watumwa. Hata tendo hilo la hisani lilikuwa la kuwatoa watu kama zawadi. Mmoja wa wavulana hao, John Swedi, alipata ushemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, alipata upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni hiyo, na akafanya kazi kusini, katika nchi ya watu wake. Kwa Swedi na Majaliwa, kama kwa Atiman, swali ni lini kutumwa na wengine kuligeuka kuwa utume wao wenyewe.

Jibu halipatikani katika siku ya kukombolewa, wala siku ya ubatizo, wala siku ya kuhitimu. Kwa Atiman linapatikana katika muda. Lavigerie alifariki mwaka 1892. Aliyemtuma Atiman hakuwapo tena, na Atiman alikuwa bado kijana mwenye taaluma adimu. Alibaki Karema miaka 64 zaidi. Hakurudi kuishi Niger. Alitoa kitu ambacho mamlaka ya misheni haikuwa nacho pasipo yeye, yaani utabibu wenyewe, kama vile msichana wa Naamani alivyokuwa na ujuzi ambao nyumba ya jemadari haikuwa nao. Kubaki huko, mwaka baada ya mwaka, ni tendo. Katika tendo hilo -w- ya mtumwa inatoweka, na -i ya mtumishi inachukua nafasi yake.

Nani alisimulia?

Tofauti na msichana wa Naamani, Atiman aliacha maelezo yake. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha yake kama alivyozieleza mwenyewe. Kwa kanuni iliyopatikana katika habari za Yusufu, jambo hili ni kubwa. Aliyetekwa ndiye aliyesema. Kama kuna anayestahili kusema kwamba njia ya kutoka Tundurma hadi Karema ilikuwa na mkono wa Mungu, ni yeye. Waliomwuza hawawezi kusema hivyo, na hata waliomkomboa wanapaswa kusema kwa unyenyekevu.

Lakini jarida hilo lilikuwa la Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kulitafakari hilo, hasa akilinganisha na kitabu anachokijua zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala njia za magharibi ya ziwa hilo hilo, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Masimulizi hayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na yamekuwa nguzo ya nathari ya Kiswahili. Yanasomwa vyuoni kwa ufasaha wake, na yanastahili. Hata hivyo, msomaji akiyategemea hayo peke yake, atakuwa ameisikia njia ya msafara kutoka kwa aliyeuongoza, si kutoka kwa aliyefungwa mnyororo.

Kiswahili hakikukosa kabisa sauti ya upande wa pili. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, akiwasimulia waliokombolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, wazazi wake wakiwa miongoni mwa jamii hiyo. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwatukuza Waingereza na kuwabebesha Waarabu peke yao lawama yote. Lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, kazi ya Mbotela inabaki kuwa ushahidi kwamba watoto wa watumwa walitaka kusema kwa lugha yao wenyewe, na kwamba shukrani kwa mkombozi na haki ya kumhoji mkombozi ni vitu viwili vinavyogongana ndani ya moyo mmoja.

Suala la watafsiri

Mjadala huu una upande wake wa vitendo. Biblia ya Tafsiri ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, humwita Paulo mtumwa wa Kristo mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, na humwacha Maria ajiite mjakazi. Biblia Habari Njema, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, imechagua mtumishi katika sehemu zote mbili. Sababu inaeleweka: neno mtumwa lina jeraha la kihistoria katika nchi hizi, na mtafsiri mwenye huruma hataki kulitonesha.

Lakini kila uteuzi una gharama yake. Panapoandikwa mtumishi, msomaji wa leo huweza kumwona mtumishi wa serikali mwenye mshahara na likizo, au mchungaji anayeitwa kwa heshima mtumishi wa Mungu. Ukali wa kauli ya Paulo umepungua. Zaidi ya hayo, umepotea ule ujirani ambao Kiswahili kilikuwa kimeuweka wazi kuliko Kiyunani chenyewe, ambamo maneno ya mtumwa na mtume hayana mzizi mmoja: kwamba katika sentensi moja mtu anajiita mtumwa na mtume, na mzizi ni ule ule. Hali kadhalika katika Waraka kwa Filemoni, Onesimo anaombewa apokewe kama ndugu mpendwa badala ya mtumwa. Mtumwa na mpendwa yote ni maneno ya kutendwa. Kinachobadilika ni tendo ambalo mtu ametendewa. Sarufi hiyo si ya Paulo, ni ya Kiswahili, na ni zawadi ambayo mtafsiri anaweza kuitunza au kuiacha.

Haifuati kwamba neno la zamani lirudishwe kila mahali. Mbele ya wasikilizaji ambao babu zao walibeba mnyororo, neno mtumwa halina budi kusomwa pamoja na maelezo yake. Linalodaiwa hapa ni kwamba uamuzi wa mtafsiri ufanywe kwa kujua kinachopatikana na kinachopotea.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Maandiko, katika Kiswahili chake, yanasema wanyonge huchaguliwa, na kwamba kusema wanatumiwa ni mazoea ya mahubiri. Imeonyeshwa pia kwamba wanyonge wa Maandiko wana maarifa na hiari, na kwamba maneno ya kuyapa mateso maana ni haki ya aliyeteseka. Maisha ya Adrian Atiman yanaipima kauli hiyo kwa uzito wa mtu halisi. Aliuzwa bila kuulizwa, akakombolewa bila kuulizwa, akasomeshwa kwa mpango wa mwingine. Kisha akabaki, akatibu, na mwishowe akasimulia.

Mwaka 2000 Mpanda ilifanywa jimbo la Kanisa Katoliki, likitengwa na Jimbo la Sumbawanga, ambalo hadi mwaka 1969 lilikuwa likiitwa Jimbo la Karema. Jina la kijiji cha ziwani halipo tena juu ya mlango wa jimbo. Kwa mwanafunzi wa Kashaulili anayesoma historia na lugha, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuanza utafiti wake nyumbani, kwa kuwauliza wazee wa ziwani ni kwa jina gani, kati ya mtumwa, mtume na mtumishi, walivyozoea kumtaja daktari wao.